Bahari Isiyokuwa na Watu

Mwalimu wa chekechea katika shule yetu, huko juu ya Sironga, hakupita jaa lolote bila kulitupia jicho. Tukienda sokoni pamoja, mimi nilitazama nguo za mitumba, yeye alitazama chini. Vifuniko vya soda, soksi iliyopoteza mwenzake, pakiti tupu za unga, trei ya mayai iliyolowa ikatupwa: vyote aliviokota, akavipangusa kwa upindo wa leso na kuvitia kikapuni. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, nimetoka chuo juzi, na nilivaa viatu vya kuchuchumia hata kwenye matope. Basi nilitangulia kidogo, watu wasidhani tuko pamoja.

"Wewe tembea tu," alikuwa akiniambia kwa nyuma. "Hii soksi itakuwa pweza, na wewe utabaki na hiyo viatu yako."

Wazazi walimwita Mwalimu wa Samaki, nami nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake hasa lilitumika kanisani na kwenye kitambulisho tu. Jina hilo la Samaki lilianza kama utani. Kwetu ni nchi ya majani chai na ndizi, na mtu akitaja maji mengi anamaanisha mvua. Bahari iko upande ule mwingine wa Kenya, na wengi wetu tunakufa hatujaiona. Yeye pia hakuwa ameiona. Lakini ukifungua mlango wa darasa lake, bahari nzima ilining'inia juu ya kichwa chako, kwenye nyuzi zilizofungwa kutoka dirisha hadi dirisha, na ukiwa mrefu kama mwalimu mkuu wetu ulipigwa usoni na mkia wa nyangumi.

Nyangumi huyo alikuwa pakiti ya unga ya kilo mbili. Unaijaza maganda makavu ya mgomba, unaifunga uzi karibu na mdomo, kisha unautanua ule mdomo uwe mkia. Macho ni vifuniko vya soda. Kasa alikatwa kutoka kwenye trei ya mayai, kila kikombe kasa mmoja, akapakwa majani yaliyotwangwa na kubandikwa miguu ya katoni. Pweza, kama alivyosema, ni soksi iliyojazwa matambara hadi nusu, ikafungwa shingo, na nusu iliyobaki ikachanwa miguu minane. Hapo ndipo palipokuwa na kelele, kwa sababu watoto wadogo wakihesabu wakafika tano huanza kugombana, na pweza wengi wa Sironga walikuwa na miguu sita.

Kaa ndiye aliyenipendeza mimi. Mwalimu alikoroga udongo mwekundu na uji mwepesi kwenye sufuria mbovu, mtoto akachovya viganja vyote viwili, akavigandamiza kwenye karatasi vidole gumba vikigusana. Vidole vikawa miguu, vile gumba vikawa macho. Kwa hiyo kila kaa alikuwa na ukubwa wa mwenyewe. Mtoto akihamia darasa langu mwaka uliofuata, alikuwa akirudi darasa la jirani wakati wa mapumziko kupima kiganja chake kwenye kaa wake wa zamani, na akiona kimezidi anakuja kunitangazia.

Kulikuwa pia na yavuyavu, yule mnyama wa baharini aliye laini kama uji uliopoa, ambaye alitengenezwa kwa mfuko wa plastiki. Serikali ilipopiga mifuko marufuku, yavuyavu wakatoweka baharini mwetu kwa muda, hadi Mwalimu akagundua karatasi za mkate. Na gundi ilikuwa uji mzito wa ngano, ambao panya waliupenda kuliko sisi. Jumatatu moja tulikuta nyangumi ameliwa tumbo lote. Mwenye nyangumi akalia. Mwalimu akamfuta kamasi, akamwambia kwa sauti ya kawaida tu, "Baharini ni hivyo. Wanakulana." Nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, nikacheka. Nilipokuja kuelewa alichokuwa anasema, nilitamani nisingecheka.

Watu wazima, Mwalimu hakuwa na subira nao hata kidogo. Mtaala mpya ulipokuja na wazazi wakaanza kutumwa vifaa kila wiki, baba mmoja alifika asubuhi na gumboti zake za shambani, amekasirika. "Mwalimu, ati mnataka trei ya mayai. Sisi tuko na kuku. Mtu ako na kuku ananunua trei ya nini?"

"Basi leta soksi."

"Soksi ndiyo hii nimevaa."

"Vua," alimwambia. Na yule baba, nisingeamini kama nisingeona, alivua gumboti pale mlangoni, akavua soksi moja, akampa, akarudi shambani akichechemea kwa hasira. Mwanawe alitengeneza pweza mkubwa kuliko wote. Lakini mtoto hata amwage rangi, hata achane karatasi ya mwenzake, Mwalimu hakupandisha sauti. Alisema tu, "Sawa, sasa tufanye nini na hii?" wakakaa chini wawili kufikiria, na kwa kweli wakapata la kufanya.

Kitu kimoja kilikosekana baharini kwake, nami nilichelewa kukiona. Aliyekiona ni msichana mdogo mwenye meno mawili ya mbele yaliyong'oka. Alisimama katikati ya darasa, shingo juu, akauliza, "Mwalimu, watu wa hapa wako wapi?" Kweli hapakuwa na mashua, wala mvuvi, wala mtu wa kuogelea. Mwalimu alikuwa anakata miguu ya kasa. Aliendelea kukata. "Watu wako nyumbani," akajibu.

Yeye alikuwa na mtoto mmoja tu aliyeishi, mvulana. Mumewe alifariki mapema, akamlea peke yake kwenye kipande cha chai na migomba michache. Kijana akawa fundi wa mawe, mzuri, akafuata kazi za ujenzi hadi Mombasa. Jumapili moja yeye na wenzake wa kazi walienda ufukweni kupunga upepo. Vijana wa milimani, hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Waliingia maji ya magotini wakichezacheza, mawimbi yakaja, wengine wakatoka na yeye hakutoka. Alitafutwa siku nyingi. Wenzake walirudi nyumbani na shati lake na viatu, ambavyo alikuwa ameviacha mchangani vimekunjwa vizuri na kupangwa, kwa sababu mama yake alimfundisha hivyo.

Hayo yote yalitokea kabla sijaletwa shule hiyo. Niliyakuta yanajulikana na kila mtu, na nilikuta pia shida iliyobaki: hapakuwa na kaburi. Kwetu mtu hurudishwa nyumbani, hata akifia wapi, hata kama gharama itawamaliza walio hai. Ambaye mwili wake haupatikani, wazee wanajua la kufanya. Gogo la mgomba hukatwa urefu wa mtu, likavishwa, likalazwa kaburini, watu wakalia wakamaliza. Ndipo aliyepotea anapata mahali, na ukoo unapata usingizi. Mwalimu alikataa.

Kila Desemba, watu wakirudi nyumbani, shemeji yake mkubwa alikuja kumsihi. Alikuwa mzee mpole, kaka wa marehemu mumewe, ambaye Mwalimu alimwita Mogaka, na alikuja na sukari na maneno yale yale. Mwaka mmoja nilikuwepo, nakoroga chai jikoni, nikasikia.

"Kijana yetu anazurura, mama. Baridi inampiga. Tumzike apumzike. Hata hawa watoto wa ndugu zake wanamwota."

"Mogaka, mkizika mgomba na yeye arudi, nitamwambia nini? Nitamwambia nilichoka kungoja?"

"Hawezi kurudi."

"Ulimwona?"

Mzee hakuwa amemwona, na hakuna aliyemwona. Basi alikunywa chai yake. Mchungaji naye alishamwambia kwamba kuzika mgomba ni mambo ya kale, kwamba Msabato hawezi kulilia mti. Watu wa kanisani wakamsifu kuwa ameshika imani. Haikuwa imani. Aliniambia mwenyewe, siku hiyo hiyo, tukiosha vikombe: "Wananipigia makofi ya bure. Mimi nikimzika, ni kama mimi ndiye nimemtosa."

Sasa mtu atauliza, kama nilivyouliza, kwa nini basi alijaza darasa bahari. Kabla ya msiba alifundisha wanyama wa nyumbani kama walimu wengine, ng'ombe wa katoni na kuku wa pamba. Baada ya msiba alirudi kazini akiwa na kalenda ya zamani yenye picha za viumbe vya baharini, akaitundika ukutani, akaanza. Walimu walidhani akili imeyumba. Mwalimu mkuu alimwonya kwamba mtoto wa huku kwetu Nyamira hahitaji kumjua kasa. Alimsikiliza, akasema ndiyo bwana, akatengeneza kasa wengine.

Nilimuuliza wakati wa mvua ndefu, tulipokuwa tumenaswa darasani. Mvua ilipiga mabati hadi ikabidi akaribie sikio langu. "Mtoto wako akihamia mahali," alisema, "si unataka kujua majirani? Si unauliza, huyo anayekaa karibu naye ni mtu wa aina gani, ako na roho mbaya ama nzuri? Mimi nauliza tu majirani."

Nilitazama juu, nikaona wale pweza wa soksi na kasa wa trei wakizunguka polepole kwenye nyuzi, na kwa mara ya kwanza niliwaogopa.

Aliwatengeneza wawe wazuri, hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Hakuwahi kuwaambia watoto kwamba bahari inaua. Papa wake alicheka. Na bado yeye mwenyewe aliogopa maji kiasi cha kuchekesha. Bondeni chini ya shule kuna kijito ambacho mtoto anakiruka, lakini mvua ikinyesha Mwalimu alizunguka njia yote ya barabara kuu ili asipite kwenye ubao wa kukivukia, akafika amelowa na amechelewa, na ole wako umwambie kitu.

Samaki hakula. Mwalimu wa Samaki, na samaki hakula, hata dagaa. Zamani alikula sana, watu walisema. Siku ya soko, akina mama waliotoka upande wa ziwani walipanga samaki wao wa kukaangwa, harufu inakufuata hadi stendi, na yeye alipita mbali kwa makusudi. Niliwahi kumkaribisha kwangu nikiwa sijui, nikaweka samaki mezani. Alinawa mikono, akaangalia sahani, akakunja leso yake vizuri. "Samehe," akasema. "Mimi sili kitu chenye sijui kimekula nini." Niliondoa sahani nikaenda jikoni, na huko nililia, kwa sababu nilielewa.

Na hapo ndipo watoto walipomgusa penye kidonda bila kujua. Kila mwaka ilifika wiki ya samaki. Alikata katoni, akawapa, akawaambia wachore samaki aliye hai. Watoto hawa samaki waliyemjua ni wa sokoni tu. Basi walichora mdomo wazi, jicho jeupe, mkia uliojikunja kwa mafuta ya moto, na ubavuni wakachora ile mikato mitatu, ile anayokata mama wa samaki ili chumvi iingie na nyama iive. Wote walichora mikato. Waliamini samaki huzaliwa nayo, kama pundamilia na milia yake.

Mwalimu mwingine angefuta. Yeye alichukua kila samaki, akamweka magotini, akakaa naye. Kisha alichana maganda makavu ya mgomba vipande vidogo kama kucha, akamwonyesha mtoto kuvibandika kimoja juu ya kingine, kuanzia mkiani, hadi mikato yote ikafunikwa. "Huyu wako alikuwa sokoni," alimwambia mtoto. "Tunampa magamba arudi majini." Alifanya hivyo kwa darasa zima, mwaka baada ya mwaka, vidole vimejaa uji wa ngano. Mimi niliyejua kinachoendelea nilikuwa napata kisingizio cha kutoka nje.

Alistaafu na bahari ikashushwa. Mwalimu aliyechukua nafasi yake alikuwa msichana mwema aliyependa usafi, na vumbi lilikuwa jingi kweli. Wale kaa wa viganja nilikwenda kuwaondoa mwenyewe, nikawahifadhi kabatini kwangu, na bado wapo.

Kisha akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, mkono na mguu, na maneno yakawa yanatoka polepole. Nilikuwa nakwenda kumwona Jumapili, na ndizi mbivu, na habari za shule, ambazo alizisikiliza akiwa amefumba macho. Binti wa shemeji yake alihamia kumtunza. Ziara moja, mwishoni mwa mwaka, nilikuta wazee wameketi uani kimya, na kando ya ua, pale anapozikwa mwanamume ambaye hakuoa, vijana wamepima ardhi kwa kamba. Nilidhani Mwalimu amekufa na kaburi ni lake; sikukumbuka hata pale huzikwa nani.

"Ingia," alisema kutoka ndani. "Nilikuwa nakungoja. Nimewaambia wachimbe."

Niliketi kitandani. Sikujua nimpe pole au nimsifu.

"Nikitangulia mimi, hakuna mtu atamngoja," alisema. "Hawa wengine hawamngoji. Wanamwogopa. Basi heri aingie nikiwa nimekaa hapa mlangoni." Akapumzika, akavuta pumzi. "Lakini wameniletea gogo. Liangalie. Huyo ni mtoto wangu?"

Gogo lilikuwa limelazwa sebuleni juu ya mkeka, jeupe, limekatwa asubuhi hiyo, linatoa maji. Halikuwa mtoto wa mtu yeyote.

"Leta maganda makavu," akaniambia. "Na uzi. Na soksi ziko hapo chini ya kitanda. Mimi mkono umekataa, kwa hivyo utakuwa mkono wangu."

Nilikusanya maganda migombani, nikarudi nikapiga magoti kwenye mkeka, mwanamke mzima, na yeye akanifundisha kama alivyofundisha watoto wa watu maisha yake yote. Soksi ijazwe, hiyo kichwa. Funga shingo, si hivyo, unamkaba. Maganda yasukwe marefu, hiyo mikono. Alikuwa na mabega mapana, ongeza. Bado. Ongeza. Katika miaka yote tulitengeneza kila kiumbe cha majini, na hatukuwahi kutengeneza mtu. Nilipofika kwenye viganja nilikwama, na machozi yalinizuia kuona uzi. "Sawa," alisema, "sasa tufanye nini na hii?" Tukafikiria, wawili. Tukasuka vidole kimoja kimoja.

Tulimvisha lile shati. Viatu alivishika yeye kwanza, kwa mkono wa kushoto, akavipangusa kwa leso. Vumbi halikuwepo. Kisha akaniacha nivifunge.

Walimzika alasiri. Mchungaji alikuja bila Biblia mkononi, akasimama mbali kidogo, kwenye mpaka wa chai, akiwa jirani tu, lakini nilimwona akivua kofia. Akina mama walilia kama inavyotakiwa, kwa sauti, na mzee shemeji alimwita kijana kwa jina lake, akamwambia hapa ni kwenu, lala. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni. Hakulia na wenzake. Alitazama udongo ukirudishwa hadi ukaisha, akaomba aingizwe ndani.

Nilipomuaga alinishika mkono. "Kesho ni soko?"

"Ni soko."

"Niletee samaki."

Nilimtazama nikidhani maneno yamemchanganya, kwa kuwa kiharusi kilikuwa kikimfanyia hivyo. Hayakuwa yamemchanganya.

Kesho yake nilimletea, wa kukaangwa, amefungwa gazetini, bado ana moto. Binti alisonga ugali. Niliweka sahani mbele yake nikataka kumtolea miiba, akausukuma mkono wangu. Alimtazama yule samaki kwa muda, mkia umejikunja, jicho jeupe. Akapitisha kidole kwenye mikato ubavuni, wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Watoto walichora vizuri," akasema.

Kisha akamega, kwa mkono wa kushoto, akala. Mlango ulikuwa wazi, na kutoka pale alipoketi udongo mpya ulionekana. Alikula polepole hadi upande mmoja ukaisha, akaniomba nimgeuzie.